Mkia wa Mwanga

Ghorofa ya chini ya ardhi, Szeged, mwezi wa Juni.
Hewa tumeikausha hadi midomo inapasuka,
maana mvuke hulimeza pigo la infraredi
kabla halijafika mezani.
Emőke kavaa miwani ya kijani, nywele kazifunga kwa kipande cha waya.
Mimi nashika daftari. Kazi yangu ni namba na kunyamaza.

Tunataka kitu kidogo:
kuisikia ngozi ya dhahabu,
si dhahabu yenyewe,
ule utando juu yake, unene wa molekuli moja,
uliosimama kama malaika ya mkono kwenye baridi,
na kwenye ncha ya kila unywele
kaboni moja imebeba haidrojeni tatu,
mafiga yaliyopinduliwa, yakiitazama hewa.
Mafiga hayo hutetemeka.
Ndiyo sauti tuitakayo.

Mapigo mawili hukutana hapo,
moja lisiloonekana, moja hafifu kama kaa linalozimika,
na pale tu ambapo juu hapafanani na chini
huzaliwa la tatu, jekundu kweli, jumla ya wazazi wake.
Katikati ya kitu hakizaliwi chochote:
kila anayeelekea huku ana pacha aelekeaye kule,
wanasema pamoja, wanafutana.
Mpakani ndipo mtu husikika.

Tatizo ni dhahabu.
Debe tupu haliachi kuvuma,
na dhahabu, pamoja na bei yake, kumbe debe:
ikiguswa na mwanga inapayuka papo hapo,
ilhali mafiga yana adabu,
yanajibu taratibu, yanafifia yakijibu.
Wiki saba tumerekodi mapayuko.

Na pigo lenyewe lina kiburi.
Lifupishe, litajua saa, litasahau rangi.
Lirefushe, litajua rangi, halitajua saa.
Emőke alitaka vyote. Akakosa.
Akavunja kikombe cha Lőrinc, kesho yake akamnunulia kingine,
kibaya zaidi.

Usiku huu analichana.
Kioo chenye mistari elfu mbili kila milimita
kinazitandaza rangi kama miyaa kabla ya kusukwa.
Hizi anaziziba. Zile anazichelewesha.
Kioo cha pili kinazisuka upya
ziwe pigo moja lenye sura aliyoichagua yeye:
mbele ghafla, kama ukuta,
nyuma mkia mrefu, unaoisha bila haraka.

"Kama tiszavirág," anasema,
mdudu wa mto wao, Tisza,
akaaye miaka mitatu matopeni,
kisha jioni moja hupanda juu, huvaa mbawa,
huburuta mkia wake juu ya uso wa maji,
hupenda, hufa, saa tatu hazijatimia.
Anageuza skrubu ya kuchelewesha.
"Nilimwahidi Csenge tutakwenda kuwaona.
Wametoka leo."

Sijui la kujibu. Nasoma namba.
Femtosekunde mia mbili: kelele.
Mia tatu: kelele, imekonda.
Mia tatu themanini.
Mia nne na kumi,
na dhahabu imenyamaza.
Kwenye skrini nyeusi, kilele kimoja,
chembamba, kimesimama wima,
pembeni yake kingine, kama mdogo wake.

Hakupiga kelele. Alivua miwani,
akaipangusa kwa upindo wa shati, akaivaa tena,
akaniambia nirudie kipimo.
Tukarudia mara nne.

Saa nane usiku nazima leza.
Mlangoni kuna kiberiti alichokileta mumewe,
juu yake mwandiko wa mtoto: MAMA.
Ndani, ganda. Jepesi kuliko karatasi ya sigara,
lina umbo la mwili wote, hata mikia,
mwenyewe hayumo.
Nikasema, kwa ujinga wangu, tungeweza kulipima.
Alifunga kiberiti.

Akachukua daftari mikononi mwangu,
akaandika tarehe, na chini yake 410.
Akasita, akageuza kiberiti, akasoma kule nyuma,
akaongeza mstari ambao sikuufuta:
wametoka saa mbili kasorobo jioni,
upepo hakuna, maji yametulia.